Tangazo la Kifo cha Ntare

Darasani kwao walikuwa wanafunzi arobaini na sita wa mawasiliano ya umma, na kati yao ni Winifred Kanyange peke yake aliyechagua Kiswahili kuwa somo lake la pili. Wengine walichukua masoko, wengine uhusiano wa kimataifa, masomo ambayo mzazi akiyasikia tu anaona tayari ofisi yenye viti vya kuzunguka. Kanyange alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba Kiswahili ndicho kitu pekee walichokivusha mpakani bila kupungua.

Alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule wa 2013, familia yao ilipoambiwa iondoke Tanzania pamoja na Wanyarwanda wengine wengi waliokuwa wakiishi mkoa wa Kagera. Kule Karagwe walikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na shamba la migomba. Kigali walifika na magodoro mawili. Baba yake akapata kazi ya kulinda geti la jengo la kupangisha huko Kagarama, na hadi leo analinda geti hilohilo. Shuleni Kanyange alichekwa. Kinyarwanda chake kilikuwa cha nyumbani, cha kuitia ng'ombe na kuombea maji, na kila alipoinuka kusoma kwa sauti palikuwa na mtu kwenye dawati la nyuma akimwigiza. Alikuja kukijua baadaye, vizuri kabisa, lakini ile tabia ya kulipima neno kabla ya kulitoa haikumtoka. Ni kwa Kiswahili tu alizungumza bila kujisikiliza.

Katika mwaka wa tatu kila mwanafunzi alitakiwa afanye miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo. Wengi walihangaika na barua zao mjini wiki nzima. Kanyange alipata nafasi siku ya kwanza, kwenye redio moja binafsi iliyokuwa na kipindi cha Kiswahili kila siku kuanzia saa sita mchana hadi saa saba. Mkuu wa chumba cha habari, Mugenzi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimpa habari ya Kinyarwanda na kumwambia aitafsiri. Baada ya dakika kumi akaisoma, akacheka peke yake.

"Hiki ndicho Kiswahili," alisema. "Sisi wengine hapa tunabahatisha."

Aliyekuwa akibahatisha kuliko wote ni mtangazaji mwenyewe wa kipindi hicho, Eddie. Eddie alikulia Uganda. Alikuwa na sauti nzito iliyotulia, sauti ya mtu anayekuambia habari mbaya nawe ukaipokea, lakini Kiswahili chake alikiokota barabarani, na r na l zilikuwa zikibadilishana mahali kinywani mwake apendavyo shetani. Wakati wa uchaguzi aliwaambia wasikilizaji kwamba wananchi wamejitokeza kwa wingi kupiga kula. Mugenzi alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili kwa maandishi.

Yeye na Kanyange walielewana tangu mwanzo. Kabla ya kuingia studio Eddie humletea karatasi na kuuliza, "Dada, hii neno iko namna gani?" Kanyange humsomea, naye huirudia mara tatu akitembea huku na huko kwenye ujia. Na Eddie ndiye aliyemfundisha Kanyange mambo ambayo hayakuwamo kwenye daftari zake za chuo: jinsi ya kuvuta pumzi mbali na kipaza sauti, jinsi ya kusoma sentensi kwa kumfikiria msikilizaji mmoja tu. Siku moja alimwachia asome hali ya hewa. Baba yake aliisikia kule getini kwenye redio yake ndogo, akasahau kufungua, gari la mpangaji likapiga honi mpaka likachoka.

Kazi ya kila siku ya Kanyange ilikuwa matangazo ya vifo. Hapa Rwanda watu wana simu, wana makundi ya WhatsApp ya familia, lakini mtu akifariki bado wanakwenda redioni, kwa sababu kuna shangazi asiye na simu na kuna rafiki wa zamani ambaye hakuna aliye na namba yake. Watu walileta mapokezini karatasi zilizoandikwa kwa mkono kwa Kinyarwanda, na Kanyange akaziweka kwa Kiswahili kwenye kompyuta, na Eddie akazisoma kutoka kwenye kioo cha kompyuta ya studio baada ya habari.

Sasa, tangazo la Kinyarwanda huanza na yule anayetangaza: fulani wa mahali fulani anamtangaza fulani aliyefariki. Kanyange aliona afadhali msikilizaji asikie kwanza jina la marehemu. Akatengeneza muundo wake kwenye kompyuta, wenye nafasi tupu za kujaza. Jina la kwanza lilikuwa la marehemu, na la pili la mtoa taarifa. Mugenzi aliusifu muundo huo mbele ya watu.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa sita ikikaribia, mwanamume wa miaka kama thelathini na tano aliingia mapokezini akihema. Alikuwa fundi wa mabomba, mkazi wa Busanza, jina lake Ntare Shabani. Baba yake mdogo, Kabera Yusufu, alikuwa amefariki alfajiri huko Rwamagana, na kwa kuwa walikuwa Waislamu, mazishi yangekuwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri.

"Dada, isomeni na kwa Kiswahili," alimwambia Kanyange akimpa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. "Watu ya baba mdogo wengi iko Gitega na Biryogo, wanasikilizaga Kiswahili."

"Nitaisoma mwenyewe hapa niihakikishe. Una namba ya simu?"

"Iko hapo chini. Lakini simu yangu iko karibu kuzima. Gari inaningoja."

"Pole sana, kaka. Mwihangane," aliongeza kwa Kinyarwanda, yaani vumilieni.

"Asante." Naye akaondoka mbio.

Siku hiyo kulikuwa na matangazo mengine manne. Kompyuta ilikuwa nzito. Kupitia dirisha la studio Kanyange alimwona Eddie amekwisha kuvaa visikizi, amenyoosha kidole kumkumbusha muda. Akaichukua karatasi ya Ntare, akaliandika jina la kwanza alilokutana nalo kwenye nafasi ya kwanza, na la pili kwenye nafasi ya pili. Akatuma. Aliyoahidi, ya kuisoma aihakikishe, hakuyafanya.

Saa sita na dakika arobaini Eddie akasoma kwa ile sauti yake iliyotulia: "Ntare Shabani, mkazi wa Busanza, Kicukiro, amefariki dunia leo alfajiri. Mazishi yatafanyika leo huko Rwamagana baada ya swala ya alasiri. Taarifa hii imetolewa na baba yake mdogo, Kabera Yusufu."

Huko Gitega, mtaa mmoja wa hapa Kigali, kwenye baraza la duka la vitambaa, mafundi cherehani wanne walikuwa wakishona redio ikiwa juu ya kabati. Mmoja wao alikuwa Hadija Gahongayire, mama mzazi wa Ntare. Alikuwa hajui lolote kuhusu kifo cha shemeji yake. Ntare alikuwa ameamua kumwambia mwenyewe akirudi, taratibu, kwa sababu mama ana presha. Mafundi wenzake walisimulia baadaye kwamba alisimamisha mguu kwenye cherehani, akachukua simu, akampigia mwanawe. Haipatikani. Akapiga namba ya Kabera. Iliita bila kupokewa. Akainuka, akauliza, "Mwanangu amekwenda Rwamagana lini?" kama anayewauliza wao, kisha akaanguka kati ya meza mbili.

Simu ya redio iliita saa saba kasoro dakika chache. Kanyange ndiye aliyeipokea.

"Nyinyi mnamtangaza mtu aliye hai kwamba amekufa?" mwanamke, mmoja wa wale mafundi cherehani, alipiga kelele. "Ntare amepita hapa asubuhi ya leo anakwenda mjini! Mama yake tunampeleka hospitali sasa hivi!"

Kanyange alifungua faili, akaona. Alisema baadaye kwamba mwili wake wote ulikufa ganzi isipokuwa vidole. Vidole vilikata jina moja na kulibandika pahala pa lingine kabla hajawaza chochote. Ni kweli pia kwamba matangazo yalitakiwa kurudiwa jioni, na lile la Ntare lingesomwa tena vilevile. Alificha na alirekebisha; yote mawili ni kweli, naye hakuweza kamwe kuyatenganisha. Alipomaliza kuhifadhi faili, Mugenzi alikuwa amesimama nyuma yake. Mtu mwingine alikuwa amempigia yeye.

Mugenzi aliinama, akasoma kwenye kioo. Kabera Yusufu amefariki dunia. Taarifa imetolewa na Ntare Shabani. Kila kitu mahali pake. Akainua macho kuelekea studio.

"Huyu mtu," alisema polepole. "Huyu mtu ataniua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na Kanyange hakusema.

Eddie alitoka studio akitabasamu, hajui. Mugenzi akamwita mbele ya kompyuta. "Umesoma nini kuhusu Busanza?"

"Nimesoma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni hiki hapa. Soma."

Eddie alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akifanya kwenye ujia. "Haikuwa hivi, bosi. Kanyange, si wewe ulinipa? Haikuwa hivi."

"Sijui, kaka Eddie," Kanyange alisema. "Yalikuwa mengi."

Laiti Eddie angebisha. Alisimama pale akiikazia macho ile kompyuta, akapangusa uso kwa kiganja. "Basi labda ni mimi," alisema. "Labda niliruka mstari. Mungu wangu." Na alisema hivyo kwa Kinyarwanda, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Siku iliyofuata aliondolewa kazini. Kulikuwa na yale maonyo mawili kwenye jalada lake, na hakuna aliyeshangaa. Mugenzi akamwagiza Kanyange aandike masahihisho ya kusomwa hewani. Kanyange aliandika: "Katika tangazo letu la jana, kutokana na kosa la usomaji, majina yalibadilishwa. Tunaomba radhi." Alikaa muda mrefu mbele ya yale maneno matatu, kosa la usomaji. Kisha Mugenzi akamwambia aingie ayasome yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu mwingine wa kipindi hakuwepo. Na kesho yake aingie tena. Na keshokutwa.

Hivyo ndivyo Winifred Kanyange alivyopata kuwa mtangazaji.

Kwa wiki tatu alisoma habari za Kiswahili kila siku saa sita. Wasikilizaji walituma ujumbe kuuliza dada huyu mpya anatoka wapi. Baba yake aliacha kula chakula cha mchana kwa wakati wake; akakaa na redio kwenye kiti cha plastiki, na wapangaji waliopita aliwaonyesha kwa kidole, kama kwamba binti yake yumo ndani ya kile kisanduku. Nyumbani alimwita "mtangazaji" badala ya jina lake. Kanyange alikuwa akila tonge mbili na kusema ameshiba.

Kila Ijumaa alasiri walirudi chuoni kwa somo la maadili ya uandishi wa habari. Mwalimu wao, Bi Umulisa, aliwahi kuwa mwandishi wa gazeti kwa miaka mingi, na alifundisha bila kusoma kwenye karatasi. Ijumaa moja alifundisha kuhusu kusahihisha makosa. Alisema kosa la habari lina watu wawili: yule aliyeumizwa nalo na yule anayebebeshwa. Wanafunzi wakaandika. Kanyange naye akaandika, na alipofika kwenye neno "anayebebeshwa" akaweka kalamu chini na kuomba ruhusa ya kutoka. Hakurudi siku hiyo.

Yule fundi cherehani wa Gitega alipiga tena simu redioni. Safari hii hakupiga kelele. Alisema mama Gahongayire amepata kiharusi, amerudishwa nyumbani, mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanatoka nusu nusu. Je, redio haina hata mtu wa kuja kumwangalia? Mapokezi walipeleka ujumbe kwa Mugenzi. Mugenzi alisema atalifikiria. Siku tano zikapita.

Jumamosi Kanyange alikwenda mwenyewe. Alinunua maziwa na matunda, akateremka na moto, zile pikipiki za abiria, mpaka Gitega, akauliza njia kwa watu kati ya vibanda vya viatu na nyanya. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya lile duka la vitambaa. Ntare alifungua mlango. Alimtazama kwa muda mpaka akamtambua.

"Wewe iko wa redio."

"Ndiyo, kaka. Nimekuja kumwona mama."

"Ingia. Tulisema hamtakuja kamwe."

Mama alikuwa amelala kwenye godoro, amefunikwa khanga, uso umeelemea upande mmoja. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Yalimfuata Kanyange kutoka mlangoni mpaka kwenye kigoda. Ntare alimweleza kwa sauti ya juu kwamba mgeni anatoka redioni, na mama akasogeza mkono wa kushoto, ishara ya kumkaribisha.

"Daktari anasema presha ilikuwa juu tangu zamani," Ntare alisema. "Anasema ingeweza kutokea siku yoyote. Sasa mimi nitajua aje? Ilitokea siku ile." Akaivuta khanga ya mama vizuri. "Nilirudi kutoka kuzika, nawasha simu, nakuta watu wanalia kwamba nimekufa. Nilipofika hospitali, mama aliniona akafunga macho. Alifikiri ni mzimu."

Kanyange aliweka mfuko wake kando ya godoro.

"Lakini yule mtangazaji wamemfukuza, nimesikia," Ntare aliendelea. "Ilikuwa vizuri. Mtu hajui kusoma anasoma nini?"

Kanyange alikuwa amekuja na maziwa na matunda na nia ya kuomba radhi kwa niaba ya redio. Hivyo ndivyo alivyojiambia njiani. Lakini alipolisikia hilo, na yale macho ya mama yakiwa juu yake, yakamtoka.

"Hakukosea yeye. Alisoma nilichomwandikia. Mimi ndiye niliyebadilisha majina, na nilipoona kosa nikalirekebisha kwenye kompyuta, wakadhani ni yeye. Sikusema."

Ntare hakupandisha sauti. "Ni wiki ngapi?"

"Tatu."

"Wiki tatu. Na mimi nilikuwa nakusikia kwenye redio. Kila siku nilikuwa naiwasha nisikie kama mtamsemea mama neno. Ilikuwa wewe."

"Ndiyo."

Mama alitoa sauti. Ntare akainama karibu, akasikiliza, akaomba arudie. Kisha akanyooka. "Anauliza wewe iko mtoto wa nani."

Kanyange alilijibu swali hilo kwa Kinyarwanda, taratibu: baba yake ni nani, walitoka wapi, wanaishi wapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani, na Ntare akamsindikiza mgeni hadi mlangoni. Hakumpa mkono.

Jumatatu, kabla ya mkutano wa asubuhi, Kanyange alimwambia Mugenzi kila kitu. Mugenzi alimsikiliza amesimama. Kwanza alifunga mlango. Kisha akauliza jambo ambalo Kanyange hakulitarajia.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Familia ya Gitega."

"Umewaambia wao kabla ya kuniambia mimi?" Mugenzi akakaa. Alionekana amezeeka ghafla. "Unajua nilimfukuza mtu mwenye watoto wawili kwa neno lako?"

"Sikusema neno, bosi."

"Ndiyo hilo ninalolisema."

Alikirudisha chuoni kitambulisho chake cha mafunzo siku hiyohiyo, kikiwa ndani ya bahasha pamoja na barua. Saa sita mchana kipindi cha Kiswahili kilijazwa muziki. Kule Kagarama baba yake alisubiri, akazungusha kitufe akidhani redio imeharibika. Jioni Kanyange alimweleza. Mzee alisikiliza akivua viatu vya kazi, akavua cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga.

"Wapangaji wataniuliza," alisema.

"Waambie nimekosea, baba."

"Kukosea nitawaambia. Lile lingine nitawaambiaje?"

Hakumwita tena mtangazaji. Hakumgombeza pia, na Kanyange alitamani angemgombeza.

Chuoni kulikuwa na kikao cha nidhamu. Walimu watatu, mezani chupa za maji. Mmoja alitaka afukuzwe. Alisema mwanafunzi wa mawasiliano anayebadilisha kumbukumbu hana tofauti na mhasibu anayebadilisha vitabu. Bi Umulisa alisema asiachiwe hivi hivi, lakini asifukuzwe pia, kwa sababu alikuja kusema mwenyewe ilhali hakuna aliyekuwa akimtafuta. Uamuzi ukawa mafunzo yale yafutwe yote, ayarudie mwaka unaofuata, na barua ikae kwenye jalada lake. Wenzake arobaini na watano walihitimu bila yeye.

Eddie aliitwa arudi redioni. Hakukubali upesi, alikaa zaidi ya mwezi mzima akifanya kazi ya kuongoza sherehe za harusi, kisha akarudi kwa masharti yake. Kanyange alimtumia ujumbe mara nyingi, haukujibiwa hata mmoja. Walikutana kwa bahati kwenye ngazi za benki moja mjini, yeye akipanda, Eddie akishuka. Eddie alisimama ngazi mbili juu yake.

"Kaka Eddie, naomba unisikilize."

"Nakusikiliza."

Lakini alipopata nafasi hiyo, yote aliyoyaandika kwenye ujumbe yalimpotea. Akasema tu, "Nisamehe."

"Kosa la majina nilikusamehea siku ile ile niliyoambiwa," Eddie alisema. Alikuwa akizungumza Kiingereza sasa, lugha ambayo hawakuwahi kuitumia kati yao. "Kila mtu anakosea kwenye kioo. Ila mimi nilikaa nyumbani wiki tatu nikiamini kwamba nusura nimuue mama wa mtu. Nilikuwa nikichukua gazeti la watoto na kulisoma kwa sauti, kuona kama bado ninaona mistari. Mke wangu alinikuta." Akatikisa kichwa. "Hiyo bado. Labda siku moja."

Akashuka.

Kanyange aliendelea kwenda Gitega kila Jumamosi. Alifua khanga, alimlisha mama uji alipokubali kulishwa, alifanya naye yale mazoezi ya vidole ambayo muuguzi aliagiza. Mafundi cherehani walizoea kumwona. Mama hakumfukuza wala hakumzoea. Siku zingine aliweza kutamka neno zima, mfano "maji" au "funga," na Kanyange akafurahi mpaka machozi, kisha akaona haya kwa kufurahi kwake. Ilifika miezi minne hivi. Jumamosi moja Ntare alimngoja nje, barazani, kabla hajaingia.

"Dada, naomba usije tena."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Unafanya vizuri, hata majirani wanasema. Lakini Ijumaa jioni mama anaanza kutotulia. Analia. Anashika simu ananipigia, niko nimekaa hapohapo mbele yake. Ukija, ile saa inarudi." Alitazama chini. "Mimi sina hasira tena. Hasira iliisha. Ila usije."

Kanyange alimkabidhi mfuko aliokuja nao. Aliomba amuage mama. Ntare alifikiri, kisha akasema hapana, afadhali asiingie.

Mwaka uliofuata alirudia mafunzo yake. Hakuna redio iliyomchukua. Habari zilikuwa zimeenea. Alipata nafasi kwenye idara ya kumbukumbu ya kituo kimoja cha televisheni, chumba cha chini kisicho na dirisha, akiandika majina na tarehe za picha za zamani. Kila jina alilisoma mara mbili kwa sauti kabla ya kulihifadhi. Msimamizi wake alilalamika kwamba anachelewa kuliko wengine, na ripoti yake ya mwisho ilisema hivyohivyo: mwangalifu, lakini mzito. Akahitimu. Baba yake alikuja kwenye mahafali akiwa na koti la kuazima, akapiga makofi, na njiani kurudi nyumbani akauliza kama sasa atatafuta kazi ya redio. Kanyange akasema hajui.

Bi Umulisa alimwomba aje azungumze na wanafunzi wa mwaka wa pili. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda, kwa sababu Bi Umulisa hakumbembeleza. Alimwambia tu siku na saa. Alisimama mbele ya darasa lilelile alilokuwa ametoka bila kurudi, akawasimulia kama nilivyosimulia hapa, bila kujitetea na bila kujiliza. Mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu muundo wa tangazo, mwingine akauliza kama rekodi za redio hazingeweza kuonyesha ukweli, naye akaeleza kwamba rekodi ilionyesha alichosoma Eddie, si alichoandikiwa.

Kisha binti mmoja aliyekaa dirishani aliinua mkono. "Na yule mama," aliuliza, "bado yuko hai?"

Kanyange alifungua kinywa kujibu. Alikuwa hajafika Gitega mwaka mzima na zaidi. Alikuwa na namba ya Ntare, lakini hakuwahi kuipiga.

"Sijui," alisema.

Yule binti akaendelea kumtazama, akisubiri maneno mengine. Bi Umulisa akainuka kutoka nyuma ya darasa, akawaambia wanafunzi wafungue daftari zao.